Maji ya Shule na Matete ya Jirani

Jirani yetu aliziba bomba la maji machafu ya shule siku ya Ijumaa, kabla jua halijatua. Saa hiyo aliichagua makusudi. Alikuwa Msabato wa kweli, mtu ambaye jua la Ijumaa likishazama hashiki jembe wala panga, na kazi ile alitaka iwe imekwisha.

Wakati huo nilikuwa metroni katika shule ya bweni ya wasichana, mbele kidogo ya Uriri, upande unaoteremka kuelekea mtoni. Kazi ya metroni ni kila kitu ambacho si darasa: chakula, mabweni, msichana mwenye homa, msichana anayelia kwa kukumbuka kwao, mabafu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, maji ya kuogea yalipokataa kuondoka, niliitwa mimi. Nilikuta wasichana wamejibana ukutani na mabeseni yao, povu limewafika vifundoni, kila mmoja ana maelezo yake. Punde si punde, shimo linalopokea maji ya jikoni nalo likaanza kutapika. Mafuta, majani ya chai, ukoko wa ugali, vyote vikarudi vilikotoka.

Mlinzi wa shule akalifuata bomba kuteremka hadi nje ya ua, akarudi na habari.

"Ni mzee wa hapo chini. Amejaza mawe na magunia ya udongo, akashindilia vizuri sana."

Ile "vizuri sana" aliitamka kama mtu anayesifu kazi ya fundi.

Mchana mwalimu mkuu alishuka kwenda kumwona, nami nikaandamana naye. Tulimkuta mzee ametoka kanisani, ameketi kwenye kivuli cha nyumba yake na shati jeupe, Biblia mapajani.

"Mzee, tafadhali fungua bomba," mwalimu mkuu alisema.

"Leo ni Sabato, mwalimu."

"Kuna wasichana huko juu hawawezi hata kuoga."

"Nimesikia. Na mimi Sabato zote hizi nimekuwa nikiomba huku nanusa maji yao. Leo ndiyo nimeomba vizuri." Alitaka kuongeza neno, lakini kikohozi kikamshika, kikamkunja, na mkewe akatoka jikoni na kikombe cha maji. Ujana wake wote mzee yule aliumalizia Osiri, kwenye mashimo ya dhahabu, na vumbi la mawe alilolivuta huko alirudi nalo nyumbani kifuani. Harufu kali ilikuwa ikimwamshia kikohozi. Hilo nililielewa siku ile, nilipomwona anavyohangaika kuipata pumzi.

Tulipokuwa tukipanda kurudi, mwalimu mkuu alisema atamwita chifu Jumatatu. Nilimwomba asubiri kwanza. Nilitaka kuzungumza na mama wa nyumba ile.

Mama huyo nilimfahamu vizuri kuliko nilivyomfahamu mumewe. Ndiye aliyekuwa akituletea mboga: sukuma wiki, osuga, yaani mnavu, na mrenda ukiwapo. Majani yake yalikuwa mapana, meusi kwa ubichi, na wapishi wangu walikuwa wakiyasifu kila alipoyashusha mlangoni. Mimi aliniita "nyar nam", yaani binti wa ziwani, kwa kuwa kwetu ni Homa Bay, pembeni ya maji, nami nimeolewa huku bara.

Jumapili nilimkuta shambani, amesimama mikono kiunoni.

"Nyar nam, umekuja kuona alichonifanyia? Ameifungia mboga yangu chakula chake."

Aliniongoza hadi pale bomba letu lilipokuwa likimwaga maji. Kuanzia pale alikuwa amechimba vifereji vidogo, vimenyooka na kusafishwa, kila kimoja kikiingia kwenye tuta la mboga. Udongo ulikuwa umeanza kukauka juu, na utando wa kijivu umebaki ukutani mwa mifereji kama ukurutu. Niliona kipande cha plasta. Niliona karatasi ya chooni iliyogandamana na udongo.

Muhula ule wasichana wetu walikuwa wameharisha sana. Daktari wa zahanati alituambia tuchemshe maji ya kunywa, tukachemsha. Aliwaambia wapishi wanawe mikono, wakanawa. Ugonjwa ulikuwa ukiondoka na kurudi. Na sisi mboga hatukuipika sana. Wapishi walipenda kuitia sufuriani dakika za mwisho, na nyingine tulikuwa tukiikatia ndani ya kachumbari.

Yule mama alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa hajafanya ubaya wowote. Hatimaye nikamwuliza, "Mama, unafikiri maji haya yanatoka wapi?"

"Si ya kuogea? Na ya kuosha vyombo. Yana sabuni kidogo tu."

"Na ya vyooni pia, mama. Tangi letu limejaa. Likijaa, linamwagikia humu humu."

Alinitazama, kisha akaitazama mboga. "Na watoto wameila?"

"Sote tumeila. Sina hakika kama ndiyo iliyowaumiza. Hakuna aliyepima."

"Yawa," alisema, kwa sauti ndogo sana. Aliinama, akalipangusa jani moja kwa kidole gumba, akaendelea kulipangusa hata lilipokuwa limeshang'aa.

Kesho yake asubuhi mlinzi akaja kuniambia niangalie chini. Mama yule alikuwa anang'oa mboga zote. Aling'oa tuta baada ya tuta, akarundika, akawasha moto ambao haukutaka kuwaka kwa sababu ya ubichi. Mumewe alikuwa amesimama pembeni. Yeye aliyekuwa akitaka maji yale yakome, sasa alimtazama mkewe akiteketeza riziki yake. Baadaye nilimwona akienda kwenye ua, akapiga magoti, akaanza kutoa mawe kwenye bomba moja moja.

Nilishuka. Aliposikia hatua zangu, hakugeuka.

"Mwambie mwalimu wako," alisema, "nimefungua kwa ajili ya wale wasichana. Muhula ukiisha bila ninyi kupata dawa ya maji haya, nitaziba tena. Na safari hii nitatumia saruji."

Mwalimu mkuu alikuwa na hasira za karibu, lakini alikuwa mtu wa haki. Nilipomweleza habari ya mboga alikwenda mwenyewe Migori kumwona afisa wa afya ya jamii. Afisa alikuja, akaliona tangi, akaliona shamba. Alisema lori la kunyonya uchafu litatusaidia kwa muda tu, maana shule imekua na tangi limebaki lile lile. Kisha akatutajia mwanamke mmoja, fundi wa maji, aliyekuwa ametengeneza kitu kinachoitwa tuta la matete katika kituo kimoja cha afya upande wa Homa Bay.

Fundi huyo alikuja wiki iliyofuata, amevaa gambuti na kofia ya majani. Alitukusanya nje ya ua, upande wa chini: mwalimu mkuu, mimi, mzee na mkewe. Alieleza kwa maneno mepesi. Maji machafu yanaingia kwanza kwenye tangi, uchafu mzito unatua chini. Yakitoka hapo yanaingia kwenye shimo pana, la kina kifupi, lililotandikwa nailoni nzito ili yasizame ardhini. Shimo linajazwa kokoto, na kokoto zinapandwa matete. Maji hupita chini kwa chini, polepole, katikati ya mawe na mizizi, na humo kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoula ule uchafu. Upande wa pili yanatoka yametulia.

"Ya kunywa?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Wala ya mboga za majani. Lakini miti, migomba, majani ya ng'ombe, hivyo utavinyweshea."

"Na hilo shimo litakaa wapi?" mzee aliuliza.

Fundi alionyesha kwa mkono. Shule iko juu, maji hayapandi mlima. Mahali pekee palipofaa ni pale pale palipokuwa na mboga.

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamkatiza. "Mimi niliziba ili maji yenu yasipite kwangu. Sasa mnataka niyajengee nyumba?"

Kisha akaongeza, "Isitoshe, hili shamba si langu. Nilimpa huyu nilipomwoa. Muulizeni mwenye shamba."

Sote tukamgeukia mama. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na kuukunja uso. Alisema, "Mimi siwezi kusema ndiyo kwa kitu ambacho sijakiona. Tupelekeni Homa Bay."

Tulikwenda. Kile kituo cha afya kilikuwa juu kidogo ya ziwa, na nyuma ya wodi ya akina mama palikuwa na kishamba cha matete, yamesimama mazito, yanavuma na upepo. Mimi matete nimekua nayo. Nyumbani tuliyaita odundu, tulikata ya kujengea ua na ya kuanikia dagaa, na sikuwahi kudhani yana kazi nyingine. Mzee alitembea hadi katikati yake, akatazama huku na huku.

"Maji yako wapi?"

"Umeyakanyaga, baba," fundi alimwambia.

Alitazama miguu yake. Palikuwa na kokoto kavu tu. Alichokora kwa kiatu, akachokora tena kwa kidole, mpaka chini kabisa akauona unyevu. Kisha akavuta pumzi, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Akavuta tena. Aliteremka hadi kwenye bomba la kutokea, akakinga maji kiganjani, akayanusa. Mkewe alimfuata, naye akayanusa. Wakazungumza wenyewe kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, na mimi nikajitenga kidogo ingawa lugha ni yangu.

Walipomaliza mama alimwendea mwalimu mkuu. "Japuonj, mwalimu, nitawapa mahali. Lakini mimi nimezoea kulima mboga, na mkono wangu hauwezi kukaa bure. Nipe pa kulima ambapo maji ni safi."

Mwalimu mkuu alisema nyuma ya bwalo la chakula kuna uwanja mzuri na tangi la maji ya mvua, na kwamba angefurahi kumwona pale. Alisema hivyo mbele yetu sote, na wazazi walipokutana mwezi ule waliliafiki jambo hilo. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Vijana wa kijiji walichimba. Kokoto zilipoletwa, fundi alizikataa. Zilikuwa na vumbi jingi, na vumbi likiingia kwenye tuta litaziba nafasi za maji kupita. Lazima zioshwe zote, alisema, ndipo zimwagwe. Tuliutazama ule mlima wa kokoto, tukatazamana.

Mzee, ambaye tulikuwa tumemkataza kukaribia machimbo kwa sababu ya kifua chake, akavuta kigoda chake akaketi kando ya karai. "Hii kazi ya maji haina vumbi," alisema. "Na mimi nimeosha mawe maisha yangu yote."

Aliosha kama walivyokuwa wakiosha Osiri, akizungusha karai, akimwaga maji machafu kwa pembeni. Wasichana wa kidato cha tatu waliokuja kumsaidia baada ya masomo walimzunguka na mabeseni yao.

"Guka, uliwahi kupata dhahabu kubwa?" mmoja aliyekuwa ametoka mbali, huko Nairobi, alimwuliza, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

"Nilipata ndogo ndogo. Kubwa aliipata rafiki yangu, siku moja kabla shimo halijamfunika."

Wasichana wakaacha kuosha, mikono majini. Yeye akaendelea kuzungusha karai. Kisha akasema, "Osheni, osheni. Hapa hakuna shimo la kumfunika mtu." Na mmoja wao akacheka kidogo, kisha wote.

Matete yaliletwa kutoka ziwani, vipande vya mizizi vimefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa. Tuliyapanda sote. Yalichipua, yakafika magotini, na harufu ikaanza kupungua. Tukajipongeza mapema mno. Hakuna aliyekuwa ameifikiria likizo.

Shule ilipofungwa mwezi wa Agosti, wasichana waliondoka, na maji yakaondoka nao. Hakuna aliyeoga, hakuna aliyepika. Nilirudi kutoka likizo yangu kabla ya wengine, kuja kukagua mabweni, na nikashuka kuyaona matete nikiwa na hofu moyoni, maana kiangazi kilikuwa kikali. Upande wa juu yalikuwa yamekuwa manjano. Upande wa chini yalikuwa hai. Katikati ya hayo mawili nilimwona punda wa mzee amesimama na madumu mgongoni, na mzee mwenyewe ameketi juu ya jiwe, akitafuta pumzi, mkewe akimimina maji ya mtoni kwenye kokoto, dumu baada ya dumu.

"Mzee, hukupaswa," nilimwambia. "Ungemwambia mlinzi anipigie simu."

"Ukiwa umefunga ng'ombe, si lazima umnyweshe?" alinijibu. "Hiki kitu kimefungwa hapa kwangu."

Mama alitua dumu. "Nilimkataza, nyar nam. Hanisikii. Nilimwambia akae na punda tu, mimi nimwage. Hapo ndipo tulipokubaliana."

Nusu ya matete ilikufa, tukapanda upya. Tangu hapo kila likizo mlinzi alifungulia maji ya tangi la mvua, kidogo kidogo, na kazi ile ya punda haikuhitajika tena. Lakini mzee alikuwa ameshalichukua tuta kuwa lake. Alilitembelea kila asubuhi. Tulijenga shimo dogo la kunasa mafuta nje ya jikoni, na akawa analifunua kulikagua, kisha anakuja mlangoni kwangu na fimbo yake.

"Metroni, jana mlipika nyama."

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa siku ya wageni."

"Na mafuta hamkuyakusanya. Matete hayali nyama."

Wapishi walikuwa wakimkimbia. Mimi nilimpa chai, akaketi, akanilaumu kwa utulivu mpaka kikombe kikaisha. Nje ya dirisha mkewe alikuwa akipalilia sukuma wiki nyuma ya bwalo. Zilikuwa ndogo kuliko zile za zamani, na alikuwa akizilalamikia, lakini ndizo tulizokuwa tukila. Kuharisha hakukuisha kabisa shuleni, sitasema uongo, ila kulipungua, na muhula mwingine ukapita bila hata mmoja kulazwa.

Kikohozi cha mzee hakikusikia dawa ya matete. Kilikuwa cha zamani mno. Wakati wa mvua ndefu alilazwa Migori, akapelekwa Homa Bay kwenye hospitali kubwa, akarudishwa nyumbani. Alifariki asubuhi, akiwa amekaa, kwa kuwa kulala kulikuwa kumeshamshinda. Tulimzika Jumapili. Wasichana waliimba. Mwalimu mkuu alitakiwa kusema neno akaanza vizuri, akafika mahali pa bomba kuzibwa, akacheka, na kicheko kile kikageuka kilio mbele ya watu wote. Hakuna aliyemwona vibaya.

Siku za matanga watu walikuwa wengi, na hakuna aliyelikumbuka tuta. Sijui ni nani aliyetupa vitambaa katika vyoo vya shule, lakini kabla wageni hawajamaliza kuondoka, maji yalikuwa yameanza kusimama juu ya kokoto pale yanapoingilia, na harufu ikarudi. Sikutaka mama aisikie harufu ile akiwa katika hali ile. Nilivaa gambuti na glavu za jikoni, nikachukua reki, nikashuka mwenyewe.

Nilikuwa nimeinama nikivuta vitambaa kwenye bomba, bila kupata kitu, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Si hapo. Anzia juu, kwenye kisanduku. Ukichokonoa kutoka huku unavisukuma ndani zaidi."

Alikuwa amesimama ukingoni mwa matete, amevaa nguo za msiba, hana viatu. Kwa desturi ya kwetu mjane hatembei ovyo, haingii boma la mtu mpaka siku zake zipite na taratibu zake zifanywe. Kutoka kwenye nyumba yake niliona dada zake wakimchungulia kwa wasiwasi.

"Mama, rudi ukapumzike. Watu watasema."

"Watasema nini? Hili ni boma langu. Sijaenda kwa mtu." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo reki."

Nilimpa. Alikunja nguo yake, akapanda hadi kwenye kisanduku cha saruji ambamo maji hupita kabla ya kufika kwenye kokoto, akainua kifuniko. Alijua upande wa kukishika. Alikuwa amemwona mumewe akifanya hivyo asubuhi nyingi. Alichokonoa, akavuta, kikatoka kitambaa kirefu chenye maua, kisha kingine. Alivitazama vikining'inia kwenye meno ya reki.

"Jumatatu nitakuja kuzungumza na hao wasichana wenu," alisema. Kisha akakumbuka. "Hapana. Siwezi kuja. Walete hapa."

Niliwaleta. Walisimama pembezoni mwa matete na sare zao, naye akawaonyesha bomba na vitambaa, akawaambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kijaluo kwamba kitu cha mwanamke cha kila mwezi kina pipa lake, na kwamba yeye hasemi haya kwa chuki, ila amechoka. Mmoja aliuliza kama anaweza kumsaidia. Mama akampa reki, na wawili hao wakaanza kusafisha ukingo wa juu, huku sisi wengine tukikusanya majani makavu, mpaka kengele ya chakula ikapigwa nami nikapanda kwenda kupakua.